Nukta za Darasa la Sita

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umefunguliwa pamoja na mvua. Nimepewa darasa la sita, hesabu. Watoto arobaini: wasichana ishirini na wanne, wavulana kumi na sita. Nimewahesabu kwa kuwagusa vichwa mlangoni mmoja mmoja, nikijifanya nawakaribisha.

Mdogo wangu, ambaye anashona nguo chumba cha mbele na ambaye tunaishi naye wawili tu tangu mama alipotutoka, amenishauri nianze kuandika shajara. Anasema labda nitapunguza kumsimulia yeye. Haya, naandika. Nimechagua daftari lenye mistari mipana.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua kutwa. Chaki zimelowa, haziandiki.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimeandika ubaoni 24:16, wasichana kwa wavulana. Tukarahisisha hadi 3:2. Kisha nikauliza, wasichana ni sehemu gani ya darasa?

Akasimama msichana wa mstari wa tatu ambaye wenzake wanamwita Wakili, maana hakuna jambo analoliachia lipite bila kulitetea au kulipinga.

"Mwalimu, tatu kwa mbili si ndiyo tatu juu ya mbili?"

"Tatu juu ya mbili ni darasa moja na nusu," nikamwambia. "Hao wasichana wa ziada wamekaa wapi, juu ya paa?"

Wakacheka, naye akacheka, lakini hakukaa mpaka alipoelewa. Nikawaeleza kwamba uwiano unalinganisha kundi na kundi, sehemu inalinganisha kundi na wote. Jumlisha kwanza, tatu na mbili, tano. Kwa hiyo tatu juu ya tano. Gawanya, 0.6. Zidisha kwa mia, asilimia sitini. Ni mtu yule yule, nikasema, amebadilisha nguo tu. Huo mfano nimeuiba kwa mdogo wangu.

Walipokuwa wakinakili nilisimama dirishani. Uwanja wa shule ulikuwa mweupe wote, mvua na ukungu na mawingu ya macho yangu mwenyewe. Tangu mwaka jana dunia imelainika pembeni. Miti haina majani, ina rangi tu. Siwezi kusema inaniudhi. Kuna asubuhi nyingine najiona kama natembea ndani ya kumbukumbu ya mtu.

Jumatano, 19 Machi

Jaribio la kwanza, maswali ishirini. Waliofika nusu ni kumi na wanne tu. Kumi na wanne juu ya arobaini, 0.35, asilimia thelathini na tano. Nimewagombeza mpaka sauti ikakauka. Nimewaambia desimali bila nukta ni sawa na shati bila vifungo.

Ijumaa, 21 Machi

Wakili alinifuata mezani wakati wa mapumziko, karatasi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Swali la nne umenipa kosa. Niliweka nukta."

"Hukuweka. Umeandika ishirini na tano nzima, na sufuri mbele yake haina kazi."

"Nimeweka, Mwalimu. Hii hapa."

Nikaiangalia pale alipoweka kidole. Sikuona kitu. Nikaipeleka dirishani, nikaigeuza huku na huku. Bado. Mwisho nikaisogeza mpaka pua ikagusa karatasi, na hapo ndipo ilipojitokeza, ndogo, ya bluu, imetulia mahali pake. 0.25. Nikampa alama yake na kumwambia awahi chai.

Kisha nikachukua karatasi zote arobaini, nikafunga mlango, nikazipitia moja moja nimeinama. Nukta zilikuwepo. Watoto wa watu walikuwa wameandika, nami nimewachapa kalamu nyekundu juu ya majibu sahihi. Waliofaulu hasa ni thelathini na mmoja. Niliwagombeza watoto kumi na saba kwa kosa langu.

Niliporudi darasani nikasema nilisahihisha haraka haraka. Huo ni uongo, na nimeuandika hapa ili angalau mahali pamoja usibaki uongo.

Jumatatu, 24 Machi

"Dada, sketi umeivaa nyuma mbele," mdogo wangu ameniambia. Nimemjibu ndivyo wanavyovaa siku hizi.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda kliniki ya macho bila kumwambia mtu. Nikakalishwa kwenye kiti, ubao wa herufi mbele, jicho moja nimeliziba kwa kiganja. Muuguzi, kijana mcheshi, akaandika kwenye kadi: kulia 6/24, kushoto 6/60.

Nikafanya nilichozoea kufanya miaka thelathini na moja. Sita juu ya ishirini na nne ni robo. Sita juu ya sitini, moja ya kumi. Nikakaa pale nikiwaza kwamba nimebaki na robo ya jicho huku na sehemu ya kumi kule, ukijumlisha ni 0.35, asilimia thelathini na tano, na gawanya kwa macho mawili...

"Mama, mbona midomo inacheza?" muuguzi akaniuliza.

Nikamweleza. Akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Mama yangu, hii hairahisishwi! Hiyo sita ni mita ulizokaa mbali na ubao. Ishirini na nne ni mita ambazo mtu mwenye macho mazima angesimama na bado akaisoma ile herufi uliyoisoma wewe. Ukiniandikia robo, mimi nitajuaje ulikaa wapi?"

Sijawahi kukutana na sehemu inayokataa kurahisishwa. Nimeona aibu, na nimefurahi pia, kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba yake.

Daktari hakuwa na utani. Jicho la kushoto lina kovu, nilichomwa na kijiti nikiwa na miaka mitano, hilo halisaidiki. La kulia lina mtoto wa jicho. Linapasuliwa, lenzi iliyochafuka inatolewa, inawekwa nyingine. "Katika watu mia, tisini na watano wanaona vizuri," akasema.

"Na watano?"

"Hao huwa na matatizo."

"Mimi nina jicho moja tu, daktari."

"Ndiyo maana nakwambia usichelewe," akasema.

Jumatatu, 31 Machi

Watu husikia asilimia tano wakaona kitu kidogo. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Asilimia tano ni 0.05, ni moja ya ishirini, ni uwiano wa mmoja kwa kumi na tisa. Katika darasa langu ni watoto wawili.

Leo wamefanya zoezi kimya kimya, mvua ikigonga mabati, na mimi nikawatazama nikiwaza ni wawili gani. Kila nilipowachagua nilijikuta nimekaa nao dawati moja. Sipasuliwi.

Jumatano, 2 Aprili

Mdogo wangu ameiona kadi ya kliniki mfukoni mwa koti alipokuwa akinishonea kifungo. Amenipikia uji mzito, na akaurudisha mezani mara mbili nilipousahau.

Jumanne, 8 Aprili

Jaribio la pili. Wamefaulu thelathini na watatu! 0.825, asilimia themanini na mbili na nusu. Nimehamishia meza dirishani na nasahihisha saa za mwanga mkali, na nukta zao naziona bila kuinama. Sikuinama hata mara moja. Kwa hiyo daktari amekuza mambo. Madaktari nao wana biashara yao.

Nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu na takwimu zangu. Akaniuliza nimetumia mbinu gani. Nikajibu, subira tu, na nikatoka ofisini kwake nimetuna kifua.

Jumatano, 16 Aprili

Nimerudi kwa miguu saa kumi na mbili jioni, mvua imekata, barabara imelowa. Kila taa ina duara lake, na ndani ya duara kuna duara jingine la njano iliyofifia. Magari yanapita kama yanaogelea. Watu hawana nyuso, wana mwendo. Namtambua fundi baiskeli kwa mabega, muuza magazeti kwa anavyokohoa, na wote wanaonekana vijana na wazuri. Nilisimama chini ya kibaraza cha duka kwa muda mrefu bila sababu.

Nikawaza, hivi nikipasuliwa nikapona, haya yote yatakwenda wapi? Naogopa upofu, lakini leo nimegundua kwamba naogopa kidogo na kuona.

Jumanne, 22 Aprili

Jaribio la tatu: thelathini na wanane juu ya arobaini. Asilimia tisini na tano. Nilipoipata hiyo namba nikaifuta nikakokotoa upya, ikarudi ile ile. Wawili walioanguka wameanguka kihalali, mmoja anazidisha badala ya kugawanya na mwingine alilala.

Mdogo wangu akaniuliza habari ya kliniki, kwa mbali, huku ana pini mdomoni. Nikamsomea matokeo ya darasa. Mtu asiyeona anaweza kusahihisha karatasi arobaini bila kukosea? Akatoa pini moja moja mdomoni, akasema, "Haya, Dada."

Jumapili, 27 Aprili

Siku hii nataka kuiandika yote.

Mdogo wangu aliamka na homa na kikohozi kinachomkunja. Nikamwita mfamasia wa mtaani, akaja na mwavuli, akampima, akaacha chupa ya dawa na kikombe kidogo cha plastiki cha mililita kumi. Kipimo alikiandika kwa mkono kwenye karatasi iliyobandikwa chupani. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji, sikumsikia alichoeleza.

Baada ya chakula cha mchana nikaenda kumpa dawa. Chumba kilikuwa na giza la mvua. Nikasoma: mililita 25, mara mbili kwa siku. Nikakokotoa kichwani, kikombe ni kumi, basi vikombe viwili na nusu. Niliona raha hata, kwamba jibu limetoka safi. Nikajaza cha kwanza, nikamwinua kichwa, akakinywa macho yamefumba.

Nikajaza cha pili.

"Kingine?" akauliza.

"Na nusu nyingine baadaye kidogo. Ishirini na tano."

"Dada, hii ni dawa au supu?" Akajiinua kwa kiwiko. "Lete chupa."

Akaitazama. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa ukungu tu, sikuweza kujua una nini.

"Kuna nukta hapa," akasema taratibu. "Mbili nukta tano."

Nilitoka na kandambili mguu mmoja. Mfamasia akanisikiliza, akauliza amekunywa kiasi gani, nikamwambia kumi. "Mara nne," akasema, kana kwamba mimi sijui kugawanya. Atalala sana, nisimwache peke yake, nihesabu pumzi zake, zikipungua chini ya kumi kwa dakika nimwite. Angemaliza zile ishirini na tano, akasema, tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Nikakaa kwenye kigoda kando ya kitanda kuanzia saa nane. Sikuweza kuona kifua chake kikipanda, kwa hiyo niliweka kiganja juu yake. Kumi na nne kwa dakika. Kumi na tatu. Kumi na mbili, na hapo nikasimama, kisha ikarudi kumi na nne. Cherehani yake ilikuwa kimya chumba cha mbele, na mvua ilinyesha mfululizo, sauti moja tu, hata nikawa sijui kama nahesabu pumzi zake au zangu. Wakati fulani niliona kama mama amekaa upande wa pili wa kitanda naye akihesabu, na tulikuwa tunapata majibu tofauti. Nililia. Sikumwomba Mungu anipe macho, nilimwomba anirudishie tu ile saa ya kumpa dawa.

Jua lilipokuwa linazama alifumbua macho.

"Unanihesabu?"

"Ndiyo."

"Nimepata ngapi?"

"Kumi na tano."

"Juu ya ngapi?" akasema, na akacheka, na kikohozi kikamshika. Nikamnywesha maji, nikamweleza yote ya daktari, hata wale watano katika mia. Alipotulia akaanza kuzungumza akiwa amelala, uso darini.

"Mimi sijasoma kama wewe. Hesabu zangu ni za kitambaa, robo na nusu, basi. Ila nataka kukuuliza kitu. Ukipasuliwa, ni watano katika mia wanaoharibikiwa. Sawa?"

"Sawa."

"Na usipopasuliwa, ni wangapi?"

Nikafungua mdomo nijibu.

"Umeihesabu hiyo, Dada?"

Sikuwa nimeihesabu. Mwezi mzima nimeibadilisha ile tano kwa kila namna ninayofundisha, nikaiogopa kwa kila namna, na sikuwahi kuandika namba ya upande wa pili. Nilikuwa nimeilinganisha na sufuri. Wasipopasuliwa, wanaofika gizani ni mia katika mia, ni suala la misimu tu.

"Nitakwenda kesho," nikamwambia. Akanishika kidole kimoja, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo tukivuka barabara, akalala tena.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepewa tarehe 9 Mei. Nimemweleza Mwalimu Mkuu kila kitu isipokuwa ile dawa. Akasema atanishikia darasa mwenyewe.

Alhamisi, 8 Mei

Nimewaaga watoto. Nimesema naumwa kidogo, nitarudi Juni. Sikutaja macho, mtoto akijua mwalimu haoni basi darasa limekwisha. Hawakupiga kelele kama nilivyotarajia. "Pole, Mwalimu," Wakili akasema, na wengine wakamfuata kwa sauti ya chini, wakakaa.

Ijumaa, 9 Mei

Anayeandika ni mdogo mtu, yeye amefungwa jicho na ameamrishwa kulala chali. Anasema niandike kwamba haikuuma. Alinibana mkono mpaka vidole vyangu havishiki sindano. Anasema niandike pia kwamba alipokuwa mezani aliona rangi nyingi zikielea, bluu na waridi, na kwamba zilikuwa nzuri mno. Anasema nisiongeze ya kwangu. Nimeongeza: namwogopea.

Jumamosi, 10 Mei

Bendeji imetoka saa tatu asubuhi.

Kitu cha kwanza ni mdogo wangu, karibu sana, amekunja uso kwa wasiwasi. Ana mvi. Ana mistari miwili kando ya mdomo ambayo siijui, na jeraha dogo la pasi kidevuni.

"Umezeeka," nikamwambia.

"Wewe hujajiona," akajibu, akaanza kulia, nikaona machozi yake yote, moja moja.

Jumatano, 14 Mei

Nyumba yetu ni chafu ajabu. Tandabui kila pembe. Mdogo wangu anasema alikuwa ananiachia mimi nizione.

Jumanne, 20 Mei

Mvua zimepungua. Miti ina majani. Taa za jioni ni taa tu sasa, na yale maduara nimeyakumbuka kwa huzuni kidogo, sitadanganya.

Jumatatu, 26 Mei

Mwalimu Mkuu ameniletea madaftari arobaini ya darasa nijaze alama za muhula nikiwa nyumbani. Nimekaa mlangoni kwenye mwanga, nikaanza na la Wakili kwa sababu lilikuwa juu.

Kurasa za mwanzo wa Machi ana mwandiko mdogo, nadhifu, na nukta zake ni za ncha ya kalamu. 0.6. 0.25. Nikaendelea kufunua. Jumatatu tarehe 24, siku tatu baada ya kuniletea ile karatasi mezani, nukta imenenepa. Wiki iliyofuata ni punje ya choroko. Katikati ya Aprili ni harage zima, ameizungusha kalamu mpaka karatasi imeota kibonde, na pale 2.5 ameacha nafasi pande zote mbili ili isibanwe na tarakimu.

Nikasema, mtoto ana vituko huyu. Nikafungua daftari la pili.

La pili hivyo hivyo. La tatu, mvulana ambaye mwandiko wake ni mchafu kama njia ya kuku, kila nukta kaichora duara kisha akaijaza wino. La nne. La kumi. Yule anayelala darasani, hata yeye. Yule anayezidisha badala ya kugawanya ana majibu yote ya makosa, na kila jibu la kosa lina nukta kubwa iliyokozwa vizuri.

Nimefungua yote. Arobaini juu ya arobaini.

Thelathini na watatu, thelathini na wanane, namba nilizompelekea Mwalimu Mkuu nikiwa nimetuna kifua. Nilidhani nawafundisha wao kuweka nukta. Kwa zaidi ya mwezi walikuwa wananishika mkono kunivusha, na hakuna aliyefungua mdomo, hata kwa utani, hata yule mwenye domo la uwakili.

Mdogo wangu alitoka akanikuta nimejifunika uso kwa daftari.

"Jicho linauma?"

Nikamwonyesha. Akapitisha kidole juu ya zile nukta, maana unaweza kuzihisi hata kwa kidole, na akakaa chini sakafuni kando yangu.

Jumatatu, 2 Juni

Nimerudi darasani. Niliingia, wakasimama, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nikaona nyuso arobaini, nani ana pengo la jino, nani ana kovu kwenye nyusi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikaiacha.

"Nimesoma madaftari yenu," nikasema.

Wakatazama madawati.

"Niliwagombeza mwezi wa tatu, nikasema nilisahihisha haraka. Haikuwa haraka. Sikuwa naziona nukta. Nawaomba radhi. Sasa daktari amenitengeneza. Kuanzia leo nukta ziwe ndogo, za kawaida."

Nikageuka, nikaandika mazoezi ubaoni. Nilipogeuka tena hakuna aliyekuwa anaandika. Walikuwa wanatazamana, kisha wote wakamtazama Wakili.

Akasimama. Akainama akaandika jambo kwenye daftari lake, akalinyanyua juu kwa mikono miwili kutoka pale pale mstari wa tatu, akanielekezea.

Niliitafuta. Ilikuwa ndogo sana, ameigusisha kalamu tu na kuiondoa.

"Sufuri nukta moja mbili tano," nikasoma. "Moja ya nane."

Akaligeuza daftari, akahakiki mwenyewe. Kisha akawatikisia wenzake kichwa, na wote wakachukua kalamu wakaanza kuandika.